Samaki wa Mama Sudi

Nyakabiga, Bujumbura

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na watoto wanakula vizuri? Mimi mwili ni mzima. Nachomelea mageti, nalala peke yangu, na Ijumaa nikitoka msikitini sina wa kurudi naye. Mji umejaa watu, ila wa kwangu hayumo.

Juzi mwenye karakana, Mzee Ramadhani, aliniita akiwa na kifurushi kilichoshonwa kwa gunia. Akasema, "We Sudi, mama yako alikutumia samaki. Kila siku anafagia chumba yako. Mutoto gani anasahau mama yake? Apana, si muzuri."

Usishangae jina. Nilipofika hapa aliniuliza naitwa nani. Niliogopa kusema Hamisi, na kichwani nilikuwa na jina moja tu, la rafiki yangu Sudi. Sasa naitwa hivyo kutwa. Kumbe mchuuzi mmoja wa kwetu Ujiji alisikia yuko Sudi fundi huku, akampelekea mama yake Sudi habari njema. Naye akakausha migebuka, akatia pilipili kama alivyopenda mwanawe.

Dada, Sudi hayuko huku. Nilimuua mimi.

Unakumbuka mazishi ya Baba. Sudi alikuwa mtani wetu, akalala kaburini akadai alipwe ndipo atoke, watu wakacheka. Ilikuwa haki yake, mtani hakasirikiwi. Mimi nikaweka moyoni. Kesho yake, kwenye karakana tuliyofanya kazi naye huko nyumbani, akaendeleza, akasema Baba kafa ili asinilishe tena. Nilikuwa na nondo mkononi. Nilimpiga mara moja tu. Yuko kwenye shimo la zamani la matofali, nyuma ya shamba letu, chini ya mawe.

Na samaki nimewala. Tangu nije huku hakuna aliyenipikia kitu. Nilikula nalia, lakini nilimaliza.

Nenda kwa Mama Sudi kabla hajatuma kingine. Mshike mkono, umwambie, amzike mwanawe. Nimechoka kuona haya peke yangu.

Nisalimie shemeji, na Shangazi Zuhura aliyenilea. Usiwafiche.

Wakija kunichukua, wasimuulizie Hamisi. Hapa hakuna anayemjua. Wamuulizie Sudi, nitaitika.

Mdogo wako,
Hamisi