Nyimbo Nilizompa Katekista

Mjukuu wangu Paskalina,

Sisi hapa Ganako hatujambo, na mahindi yameota vizuri. Unauliza kwa nini nimempa katekista nyimbo za mazishi yangu. Siumwi, mama.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana, shangazi yangu Martina alilazwa hospitali ya Wasso, mbali na hapa. Asubuhi moja ya ukungu aliingia kanisani tukifanya mazoezi ya kwaya. Tulidhani ameruhusiwa.

"Mnizike kwa ule wimbo wa Bikira Maria, wa Kiiraqw," alisema, akatoka.

Sote tulikuwa tumelowa kwa ukungu, lakini kitenge chake kilikuwa kikavu. Mchana habari zikafika misheni kwa redio koli, ile redio ya upepo: alifariki alfajiri, kulekule Wasso.

Tulimwimbia.

Basi nimeandika mapema, nisije nikalazimika kurudi kuwaambia.

Bibi yako akupendaye,
Veronika