Kitoweo Nilichokitia Kwenye Mshahara

Ijumaa jioni, nyumbani Jadida. Mvua inanyesha tangu adhuhuri na nguo zangu bado ziko kambani. Zilowe tu. Sina nguvu ya kuanua hata kanga.

Leo nimelia mpaka mdogo wangu akadhani tumepata msiba.

Niandike, labda kifua kitapoa. Mimi ni afisa utumishi kwenye kiwanda cha kusafisha samaki kule Tumbe. Mwaka huu nilipewa kazi ya kupanga upya mishahara, na wallahi niliipenda. Pale hapakuwa na mpango. Anayejuana na msimamizi analipwa zaidi, asiyejuana anashika tama. Nikaweka madaraja, nyongeza kwa waliokaa kazini miaka mingi, likizo ya uzazi, kila mtu ajue anapata nini na kwa nini.

Kisha nikafika kwenye kitoweo.

Pale desturi ni kwamba mwanamke anayepara samaki harudi nyumbani mikono mitupu. Jioni anatiwa samaki mkobani. Lakini kuna waliotiwa vipande vya nguru, na kuna waliotiwa vidagaa ambavyo hata paka angenuna. Nikasema huu ni upendeleo. Nikakifuta kitoweo, nikakigeuza pesa, sawa kwa wote, inaingia na mshahara kwenye simu. Wakubwa wakanipigia makofi. Nami nikavimba kichwa, mjinga mie!

Mamkubwa wangu, Bi Time, anapara samaki pale pale. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wanawake waliponung'unika mkutanoni, yeye ndiye aliyesimama akawaambia, "Mwacheni mwanangu, kasoma, anajua alitendalo."

Leo baada ya sala ya Ijumaa nikapita kwake bila kupiga simu. Wajukuu zake walikuwa mkekani wanakula. Aliponiona tu akafunika sinia kwa kawa. Mimi na utundu wangu nikafunua, nilitaka kudokoa kama zamani.

Wali mkavu. Wali, ndimu na pilipili, basi.

Hakutaka kusema, nikamng'ang'ania. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mumewe, kama za wenziwe wengi. Mshahara ukiingia, bwana ndiye anayeutoa, na bwana ana mambo yake. Samaki alikuwa hapiti kwa bwana. Akitoka mkobani anaingia chunguni.

Sikuwauliza. Hilo ndilo linaloniua. Nimekua kwa kitoweo kile kile, halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikakiona ni kasoro ya kurekebisha. Astaghfirullah.

Nikamwambia nitakirudisha. Akanishika mkono: "Usikirudishe kwa ajili yangu, watasema wewe wanipendelea." Kumbe wenziwe wamemnunia. Hawakai naye meza moja, kwa sababu aliwaambia waniamini. Na kwangu hakufungua mdomo hata siku moja.

Nikainuka niondoke, akakataa. Akajitanda kanga, akatoka na mvua ile, akarudi na kipande cha samaki alichoazima kwa jirani. Akakiweka upande wangu wa sinia. Watoto wakakitazama. Nilipotaka kuwamegea akanizuia.

"Waache, wao wamezoea. Wewe leo mgeni."

Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya ningelistahimili. Nikala, kwa maana kukataa kungemtia aibu mbele ya wajukuu.

Jumatatu nitakwenda kukaa na wanawake kwenye meza zao za kuparia samaki, si ofisini. Waniseme wanavyotaka. Kitoweo kitarudi kikiwa samaki, kimepimwa kwenye mizani, sawa kwa kila mmoja, na nitawaambia kwamba kosa ni langu, Bi Time hana lake. Wakubwa wakikasirika, na wakasirike.

Mpango wa mishahara naweza kuuandika upya. Lakini Yarabi, katika nyumba ile iliyonilea, lini tena nitakuwa mtoto?