Jiko Lililo Nyuma ya Kitanda cha Baba

Mtoni, Uingereza
Jumapili, wakati wa baridi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga goti kweli ninapoandika, maana meza ya humu ni fupi na kiti hakuna, kwa hiyo salamu hii si ya mdomo tu. Mwangaluka, Mama. Mmeamkaje hapo Isaka? Mguu wako unaendeleaje? Mvua imeshanyesha, au bado mnatazama mawingu ya upande wa ziwa? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama? Nauliza mengi kwa pamoja kwa sababu majibu huchelewa kufika, na moyo wangu unaujua, hauna subira.

Dada Kabula, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Usianze kucheka kabla Mama hajasikia.

Mimi ni mzima. Chuo kimefungwa kwa sikukuu, wenzangu wamekwenda kwao, nami nimepokewa tena na wale wazee niliowaeleza, Bwana Alfred na mkewe Edna, wanaoishi ndani ya mashua ya tanga. Bwana Alfred alikuwa baharia maisha yake yote, na alipostaafu akakataa nyumba. Wakati wa baridi tanga hushushwa, mashua hufungwa kwa kamba kando ya mto, nao hukaa humo wakingoja jua lirudi. Chumba ni kimoja, chembamba kuliko ghala letu la mtama. Kitanda cha mzee kiko kulia, cha mkewe kushoto, na mimi nalala kule mbele kwenye pembe, pamoja na kamba.

Hawakujaliwa mtoto. Siku ya kwanza waliniambia niwaite kwa majina yao. Nilijaribu, Mama, ulimi ukakataa. Mzee mwenye mvi kama yule nimwite Alfred, kama namwita mwenzangu kisimani? Nikamwita Baba. Aliguna, akaitika, na tangu hapo ni Baba. Mkewe namwita Mama, lakini humu nitamwandika Bibi Edna, maana Mama wa barua hii ni wewe.

Baridi ya huku haina adabu. Inaingia bila hodi. Mchana navumilia kwa vitabu. Inaponishinda ni jioni, saa ya ng'ombe kurudi. Hapo nakumbuka vumbi lao likipanda hadi kwenye reli, na samadi ikiungua pale shikome, wanaume wakiota moto na kusimuliana habari, na wewe jikoni ukituita tuje tule michembe ya viazi kabla haijapoa. Moto wa kwetu ulikuwa wazi. Kila mtu aliuona, kila mtu aliusogelea. Huku moto umefungiwa ndani ya chuma, na ukizimika, nyumba nzima hunyamaza.

Ndiyo habari yenyewe niliyotaka kukueleza.

Katika mashua hii kuna jiko dogo la dizeli, si la kupikia bali la kupashia chumba joto. Dizeli hutoka kwenye tangi kwa bomba jembamba, hudondoka tone kwa tone ndani ya chungu cha chuma na kuwaka humo, na moshi hutoka juu kwa dohani. Wiki iliyopita lilianza kutoa moto wa njano wenye masizi, kisha likafa. Baba aliujua ugonjwa wake: takataka za dizeli zimeziba kichujio na tundu linalopitisha matone. Dawa ni kusafisha tu. Lakini aliyeliweka jiko hilo alilisukuma ndani ya kona, na sehemu zote za kusafishwa zinatazama nyuma. Njia ya kuzifikia ni moja, kidirisha cha mbao kilicho ukutani juu ya kitanda cha Baba, upande wa miguuni. Lazima mtu apande kitandani, alale kifudifudi, aingize kichwa na mkono mmoja humo.

Zamani Baba aliweza. Sasa mabega yake hayapiti, na vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Aliitwa fundi, akachungulia, akasema atakata ukuta kwa msumeno, ila baada ya sikukuu. Na Bibi Edna ana kifua. Alikuwa anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Daktari alikuja akasema wazi: chumba kipate joto, ama apelekwe hospitali.

"Nikitoka humu sirudi," Bibi Edna akasema daktari alipoondoka. "Alfred, unanijua. Nikilazwa kule, hunioni tena."

Baba alikaa akitazama kile kidirisha. Kisha Bibi Edna akasema, "Minza ni mwembamba."

Wote wawili wakanitazama.

Mama, umeshaelewa. Kabula naye ameshaelewa, najua ameacha kusoma anakutazama. Nipande kitanda cha Baba. Mimi ambaye nyumbani nikitumwa kumwamsha Baba nilisimama mlangoni nikiita, na asipoitika nilikwenda kukuita wewe. Sijawahi kugusa hata ukingo wa kitanda kile.

"Haya, panda, mwanangu," Baba akasema. "Nitakuelekeza."

"Siwezi, Baba."

"Huwezi nini? Unaogopa mende?"

"Shuka ni safi," Bibi Edna akasema kati ya kikohozi. "Nimezifua mwenyewe. Yeye ndiye mchafu."

Nikawaeleza. Nikajiona kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema kwetu binti hapandi kitanda cha baba yake, hakikalii, hata akiwa peke yake nyumbani, hata baba akiwa safarini. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakuna kidevu, akasema kwa upole kabisa:

"Basi ni rahisi. Kwa saa moja mimi si baba yako. Niite Alfred, upande, umalize kazi, kisha tuendelee kama kawaida."

Alidhani amenisaidia. Na kweli njia ilikuwa nyepesi hivyo, neno moja tu. Lakini fikiria, Mama, mambo niliyokwisha kuyaacha tangu nishuke kwenye meli. Nimeacha kupiga goti ninapowasalimu wakubwa, kwa sababu nikipiga huku watu huruka wakidhani nimeanguka. Nimeacha kula kwa mkono. Kisukuma nazungumza na nafsi yangu tu. Kila kimoja kiliondoka kidogo kidogo, kwa sababu nzuri, na sikulia kwa kimoja. Na pale mbele yangu kuna mama wa watu hapati pumzi, sababu nzuri kuliko zote. Niliona nikikubali kumvua mtu ubaba kwa saa moja kama koti, sitajua tena ninalomwambia ninapomwita Baba. Wala wewe hutajua ninalokuambia ninapokuita Mama.

"Hapana," nikasema. "Ukishakuwa, umekuwa."

Bibi Edna akakohoa tena, kwa muda mrefu. Nilitaka kulia, maana nilijiona mkatili.

Hapo ndipo nikakumbuka mwaka ule mchwa walipokula kitanda cha Baba hapo nyumbani. Ulitukataza, mimi na Kabula, kukisogelea, mpaka Baba aliporudi kutoka mnadani, akaiondoa ngozi yake ya kulalia kwa mikono yake mwenyewe, akaitandaza nje. Ndipo ukatuambia, "Ingieni mtoe miti. Kitanda kimeshatoka." Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Huku mbali nimeelewa.

"Baba," nikasema, "toa matandiko yako. Yote. Uyatoe wewe mwenyewe, asikusaidie mtu. Zikibaki mbao tupu, nitapanda."

Hakuuliza kwa nini. Alivuta godoro, mablanketi, mto, hata soksi zilizojificha chini. Nje mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo vyote alivirundika juu ya mkewe.

"Mnanizika kabla sijafa!" Bibi Edna akapiga kelele kutoka chini ya godoro.

"Tulia upate joto," mumewe akamwambia.

Nikapanda juu ya mbao. Nilifunga koki ya dizeli kwanza, kama alivyoniagiza, nikaingiza kichwa na tochi, na mkono wa kulia. Humo ndani palinuka dizeli, na harufu ile ilinipeleka Geita kwa Mjomba, likizo ile uliyonituma kwake mgodini, nikakumbuka jinsi mashine zilivyounguruma usiku na mchana na jinsi nguo zake zilivyonuka hivihivi alipotoka kazini akatuletea mkate. Nilikaa kidogo bila kufanya lolote, nikinusa tu.

"Umelala?" Baba akauliza miguuni kwangu. "Nati iko kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa jiko!"

Jiko nalo lina kushoto! Tulicheka hadi tochi ikaniponyoka. Lakini nati ilifunguka. Kichujio kilikuwa kimejaa uchafu mweusi mzito kama uji ulioungua; nikakifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa. Tundu nikalizibua kwa waya. Chungu nikakikwangua masizi kwa kijiko, nikayatoa kwa kopo, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilipotoka nilikuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa. Baba akafungua koki, akangoja dizeli ishuke, akatia kiberiti. Moto ukasitasita, ukakaa, ukawa wa buluu. Baada ya muda mkono wa Bibi Edna ukatokeza chini ya mablanketi, ukaelekea kwenye joto.

Bado anakohoa, lakini analala. Daktari amepita, hospitali haitajwi tena.

Nilidhani Baba atarudisha matandiko yake palepale. Hakuyarudisha. Aliyatandika kwenye benchi la upande wa pili, miguuni kwa mkewe, ambapo hawezi hata kunyoosha miguu yake vizuri. Nilipomkataza alisema jiko litataka kusafishwa tena, na mwenye kulisafisha lazima apate njia.

Jana jirani wa mashua ya pili alikuja kunywa chai, mtu mnene, mchangamfu. Akatafuta pa kukaa, akalielekea benchi lile. Baba akanyoosha kijiko.

"Hapo hapakaliwi. Ni kitanda cha baba."

"Baba yupi?" jirani akauliza. "Mbona huna mtoto, Alfred?"

Baba akanielekezea kijiko mimi, kisha akaendelea kukoroga chai yake.

Mama, nisalimie Mjomba akija kutoka Geita, umwambie harufu yake imenifuata. Msalimie bibi mzaa baba, na shemeji, mume wa Kabula, na yule mwalimu wangu wa misheni aliyenifundisha kusoma. Kwa Baba sijui useme nini. Habari ya kitanda si ya binti kumwandikia baba yake. Mwambie tu kwamba hata huku ng'ambo kuna kitanda ambacho sikikalii.

Nakupigia goti tena, nikiinuka.

Mwanao,
Minza