Nina Wivu na Chuma ya Flagey

Schaerbeek, Bruxelles
Tarehe 11 mwezi wa tatu, 2025

Mpendwa Yaya Mwanvua,

Kwanza kabisa nakusalimia kwa mikono yote mibili, na kwa heshima ya mudogo kwa dada yake mukubwa. Goti yako iko namna gani? Ile dawa nilituma mu mukono ya bwana yako Papa Jean-Baptiste ilifika, ao aliinywa yeye mwenyewe mu ndege? Na mvua je? Tunasikia huko Lubumbashi inanyesha mpaka bantu banapikia mu chumba ya kulala. Natumaini nyumba ya maman ingali inasimama, na wewe uko ndani, munene na mwenye furaha.

Mimi niko muzima. Baridi ya huku ilijaribu kuniua, ikashindwa, sasa tunaheshimiana. Kazi ni ile ile ya kusimamisha échafaudage, ile mavyuma mafundi banapandaka juu yake kwa kupaka rangi manyumba marefu. Yaya, mu Bruxelles yote hakuna muntu anapanda chuma sawa mimi. Bazungu bangali banatafuta ngazi, mi nimekwisha fika juu, nakula mukate yangu na kuangalia ville, muji yote, sawa ni sahani. Masomo niliacha mbele ya kumaliza, unajua. Lakini kutoka kule juu hata professeur anaonekana sawa sisimizi.

Sasa tuingie mu habari. Nilisikia ile message yako ya sauti. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Unasema Tonton Florent, mujomba wetu, aliona video, na ameeneza mu famille yote kama bibi yangu Graciella anacheza uchi mu bar ya Ulaya. Na siku ya Mungu, kiisha misa, mutakaa kikao, mumupigie simu mbele ya bote, ajibu.

Nakuandikia ku karatasi sababu simu yako, Yaya, iko siku zote na haut-parleur, sauti inatoka inje. Ukikohoa nayo, bantu bote ba mu parcelle banakuambia pole. Hii barua Bienaimé wa kanisa yetu ataibeba mu valise yake ya safari na atakupa mu mukono. Uisome peke yako kwanza.

Ukweli njo huu. Graciella anacheza, ndiyo. Inaitwa pole dance. Chuma moja inasimama toka chini mpaka juu ku plafond, muntu anaipanda kwa mikono na miguu, anazunguka, anajifunga kule juu sawa nguo ku kamba. Lakini si bar. Ni salle, chumba kubwa ya mazoezi, iko juu ya duka ya fundi wa viatu, karibu na place Flagey. Pombe hakuna, hata Fanta hakuna. Na si uchi. Anavaa kaputula fupi na kitopu, sababu ngozi njo inashika chuma, nguo inateleza. Banamuke bale banatoka ku kazi ya ofisi, ya hôpital, kuna hata moja ana bajukuu.

Bon. Nimekwisha kumutetea. Sasa uniruhusu niseme ya moyo: nina wivu, Yaya. Wivu ya kweli, ile inakaa hapa chini ya mbavu na haitaki kulala.

Unakumbuka vile Graciella alikuwa anacheka kule kwetu Kamalondo? Wewe mwenyewe ulikuwa unasema, "Ule mutoto anacheka sawa anaita bantu ku chakula." Njo ile kicheko nilioa. Tulipofika huku, kicheko ilibaki ku aéroport. Kifaransa alikuwa nayo, lakini aliogopa bantu bamuzomee. Donc nikaongea mimi. Ku commune, ku ofisi ya mutaa, naongea mimi, kwa docteur naongea mimi, hata fasi inamuuma naonyesha mimi. Nilijiona bwana muzuri kupita bote. Mi njo nilikuwa kinywa yake.

Anafanya kazi Auderghem, mu nyumba ya kutunza bazee. Anabaosha, anabageuza, anabanyanyua. Siku moja aliniambia, "Kabeya, hii mwili yangu imekuwa kitu ya kubebea benzangu." Nikamujibu, "Pole, mama," nikaendelea kutafuta télécommande ya TV.

Mule mu kazi kuna binti moja, Océane. Bazazi yake ni bantu ya Likasi, lakini yeye alizaliwa hapa Schaerbeek, mikono sawa ya boxeur. Njo yeye mwalimu wa ile chuma. Akamuita Graciella, na Graciella akaenda.

Mi sikujua kitu. Nilichoona ni mafuta. Yaya, wewe unajua, muntu wa kwetu hatoki mu nyumba bila kujipaka. Sasa kila mercredi, katikati ya wiki, bibi yangu anaoga, na anatoka mukavu! Miguu nyeupe sawa ametembea mu unga ya bukari.

"Graciella, unaenda wapi na hiyo miguu?"

"Ku sport."

"Sport gani inakataza mafuta?"

"Mafuta inateleza."

"Inateleza wapi?"

"Kabeya, tram inaniacha."

Na anarudi na alama za buluu ku mapaja. Nikakaa nikafikiri kama muntu wa akili. Mwanamuke mwenye bwana wa inje anajipaka, ananukia, anavaa vizuri. Wangu anajipangusa! Nikajiuliza, ni mwanaume wa namna gani huyu, anapenda bibi ya muntu akauke? Nikamuogopa mbele ya kumujua.

Mercredi moja nikamufuata. Kule Flagey nikanunua frites, viazi ya kukaanga, sababu muntu anasimama na frites hakuna anamushuku. Graciella akaingia ku mulango, akapanda ngazi. Nikangoja nione mwanaume. Bakaingia banamuke peke. Kiisha dirisha ya juu ikafunguliwa, na nikaisikia.

Kicheko, Yaya. Ile ya Kamalondo, nzima, haijapunguka hata kidogo. Ilikuwa inashuka mu barabara, bantu ya café banageuza shingo kutafuta inatoka wapi. Frites zikapoa mu mukono yangu. Ningemukuta na mwanaume, ningejua pa kupiga. Lakini unapiga nani, kama bibi yako anacheka fasi wewe haupo?

Aliporudi nikamuambia nimeona yote. Hakuogopa.

"Ni kweli," akasema. "Ni chuma. Napanda."

"Chuma? Mu nyumba hii kuna bingwa wa chuma, na unaenda kujifunza kwa batoto?"

"Yako ni kazi."

"Na yako ni nini?"

Akafikiri. "Kule nikianguka, banapiga makofi, banasema panda tena. Wewe unanikamata mbele sijaanguka."

Nikaenda kuosha masahani. Mimi, Kabeya! Uiandike ku kalenda.

Alors, mwezi uliopita ile salle ikafungua milango kwa bafamille. Graciella alipangwa kucheza mbele ya bantu, mara ya kwanza, wimbo moja peke. Toka asubuhi hakukula kitu. Mimi nikajitayarisha sawa ni ndoa yangu. Nikaoga, nikafungua kopo mupya ya karité, ile mafuta nilinunua Matonge, nikajipaka toka shingo mpaka vidole vya miguu, hata nyuma ya magoti kule hakuna muntu anaangaliaka. Niling'aa, Yaya. Mu tram mwanamuke moja alitengeneza kilemba yake akiniangalia mimi, sawa kioo.

Tukafika. Graciella akaingia nyuma ya pazia kuvaa. Océane akasema bageni banaweza kujaribu chuma mbele ya muchezo, ile spectacle, kuanza. Hakumaliza kusema. Nikavua pantalon (ndani nilivaa kaputula, nilikuwa nimepanga toka nyumbani), nikasema kwa sauti, "Muangalie fundi!" Nikaruka, nikaishika juu kabisa.

Chuma ikanikataa. Nilishuka sawa samaki inarudi mu mto, nikakaa chini na matako, pwaa. Nikapanda tena. Nikashuka tena. Mwisho nikaikumbatia na kila kitu Mungu alinipa, kifua, tumbo, mapaja, na nikaipaka mafuta hata kule mikono haikufika. Bantu banashika mbavu kwa kucheka, mi napunga mukono sawa ministre.

Océane akaja. Akagusa chuma na kidole, akanusa kidole.

"Tonton, umejipaka nini?"

"Karité. Ya muzuri."

Akafunga macho. "Tonton, hii njo chuma ya Graciella."

Mu salle chuma zilikuwa nyingi, lakini ya pale mbele, ya spectacle, ilikuwa moja, na mi nilikuwa nimeikaanga. Musiki ilikuwa imekwisha kuanza. Graciella akatoka ku pazia, mukavu, muzuri, akaishika. Mukono ikateleza. Akashika tena, ikateleza tena. Océane akakata musiki.

Yaya, niliiona ile sura ya Graciella. Ni ile ya siku ya kwanza ku guichet, ile dirisha ya commune, macho inatafuta kinywa yangu. Nikasimama na kaputula yangu, nikasafisha koo, niwaeleze bantu kwa Kifaransa yangu ya nguvu. Graciella akanyanyua mukono.

"Kabeya, nyamaza. Lete kitambaa."

Kiisha akageukia bantu, na kwa Kifaransa yake, ile alificha miaka yote, akasema: "Mumusamehe bwana yangu. Leo alitoka nyumbani muzuri kupita kiasi, na uzuri yote imebaki ku chuma."

Salle ikapasuka. Na yeye akacheka. Ile kicheko, mbele yangu, kwa sababu yangu! Haya ilinishika, lakini nilikuwa niko pale. Hii mara nilikuwa niko ndani.

Océane akanipa kitambaa na chupa ya alcool ya kusafishia. Nikapangusa chini, nikapangusa katikati, lakini juu sikufika, na kupanda nilikuwa siwezi. Mimi, ule anakula mukate juu ya Bruxelles, nikaomba ngazi. Banamuke babili bakanishikia. Nikapangusa ile chuma mpaka ikalia sawa glasi.

Akapanda polepole, sawa muntu anapanda ku kitanda yake. Kule juu akafunga miguu, akaachilia mikono, akageuka kichwa chini, mikono wazi, nywele inaning'inia. Hakuna muntu alimushika. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe kumukamata, na kitambaa ndani. Nikairudisha chini. Njo kazi nguvu kupita zote nilifanya mu Ulaya. Aliniona toka kule, kichwa chini, akanikonyeza. Na bantu banaita "Graciella! Graciella!" sawa ni mutoto wao. Machozi ikanitoka. Mwanamuke wa pembeni akaniambia ni ya furaha. Mi nilionja: nusu ilikuwa ya wivu.

Uniambie, Yaya, nani amewahi kuniita vile? Mi nimepanda manyumba yote ya hii ville na hakuna muntu amepiga makofi. Kule Lubumbashi alikuwa bibi ya Kabeya. Mu ile salle mi niko bwana ya Graciella, jina yangu mwenyewe hawaijui.

Video ya Tonton Florent ni ya ile siku. Kama aliona muntu mwenye nguo kidogo na aibu nyingi, ule ni mimi.

Sasa kila mercredi naenda naye. Napangusa chuma, muchezaji moja akishuka, mbele mwengine hajapanda. Océane ananiita Tonton Kitambaa. Bila mimi ile salle ingekuwa imekwisha kufunga, bantu bote banajua. Na ile siku sijipaki mafuta. Tunatoka babili, bakavu, na mu tram bantu ya kwetu banatuangalia na huruma.

Usifikiri wivu imekwisha. Wiki iliyopita Graciella alienda kuomba salle ya commune hapa Schaerbeek. Anataka kufundisha bamaman ya kwetu, bale bananyanyua bazee siku nzima sawa yeye. Nikavaa veste niende kuongea. Akaniambia nikae ku banc, inje ya mulango. Nikakaa. Nilimusikia ndani anaongea, anakosea, anarudilia, anacheka. Mi nilikuwa na maneno mazuri kupita yake, yote ikabaki mu mufuko. Akatoka, akasema, "Bamekubali," akanipita akishuka ngazi, na mi nyuma yake na veste yangu.

Donc, Yaya, siku ya Mungu mupige simu. Sikatazi. Lakini usiniulize mimi. Umuulize yeye, na yeye njo atakujibu. Mi nitakaa pembeni na nitanyamaza. Unanijua toka nilizaliwa, unajua hiyo ni zawadi ya namna gani. Na akianza kucheka, usizime haut-parleur. Uache parcelle yote isikie.

Mu valise ya Bienaimé utakuta kopo ya karité. Ni ile yangu, nilitumia mara moja peke. Ujipake goti, ujipake mwili yote, ung'ae. Lakini ukimaliza, usishike kitu ya muntu.

Unisalimie Papa Jean-Baptiste, na binti yenu Larissa. Umuambie asome, tonton yake aliacha na leo anatoka jasho kwa barua moja. Unisalimie hata Tonton Florent na macho yake. Graciella anakukumbatia, na amekataa kusoma hii barua, anasema anajua nimejisifu.

Mungu akutunze, Yaya. Akushike fasi unahitaji kushikwa, na fasi unataka kupanda, akuache upande.

Ni mimi mudogo wako, anakupenda kupita vile anajua kuandika,

Kabeya,
bwana ya Graciella