Karatasi Nyuma ya Kalenda ya Daktari

Mpendwa mshauri Desanka, naomba msaada, na naomba uisome barua hii redioni kabla ya tarehe kumi na tisa Desemba, maana baada ya hapo tutakuwa tumechelewa. Nina miaka kumi na minne, naishi na babu yangu Miladin na bibi Stamena kando ya mto Timok, na babu ana bakteria tumboni, wale wanaoleta vidonda, na mwezi wa nne alitapika damu jikoni tukiwa wawili tu, nikamshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika. Ametibiwa Desemba mbili mfululizo na mara zote wamerudi, na juzi nikamsindikiza tena kwa Daktari Borivoje, ambaye mji mzima unampenda, nami nampenda, lakini kabla hajashika kalamu aliitazama kalenda ya watakatifu ukutani.

"Miladin, slava yenu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, si tarehe kumi na tisa?"

"Kama miaka yote. Wewe si hushinda na njaa ukiingoja?"

"Basi vidonge vya siku saba, vilevile vya mwaka jana. Tarehe kumi na nane unameza cha mwisho, kesho yake tunagonga glasi."

"Na hao wadudu?"

"Wakinusa ukali wa pombe yako ya rakija watahama wenyewe!"

Wakacheka mpaka babu akashika tumbo. Daktari alipotoka kumwita muuguzi niliona kalenda imekaa upande, nikainyoosha, na nyuma yake nikakuta karatasi ya mwongozo wa tiba kwenye msumari uleule, ikisema siku kumi na nne, dawa zilizoshindwa zisirudiwe, na wiki nne baadaye mgonjwa apimwe pumzi kwa kupuliza, kuhakikisha bakteria wameisha, na babu hajapimwa hata mara moja. Nilipomwambia bibi, alisema, "Nyamaza wewe! Borivoje alikuwa anatibu watu mama yako hajazaliwa. Karatasi moja tu, tayari profesa?" Sitaki kumwaibisha daktari, wala sitaki kumshika babu kichwa tena. Nifanye nini?

Senka

*

Senka mwanangu, pole kwa siku ile ya jikoni. Haikuwa kazi ya mtoto, na uliifanya vizuri. Leo ni tarehe kumi na sita, kwa hiyo futa machozi na umsogeze bibi yako karibu na redio, naye yumo.

Kwanza nakugombeza wewe. Umemwandikia mwanamke usiyemjua, na daktari yuko mtaa wa pili. Kunyamaza huku babu anaumia si adabu. Bibi Stamena, miaka ya Borivoje naiheshimu, ila bakteria hawaulizi umri. Na wewe Borivoje, najua unasikiliza: wale unaowaacha hai siku ya saba wanaizoea dawa yako. Ndiyo maana kila mwaka wanakuja kwenye slava pamoja nawe, tena bila hata kubeba chupa.

Kesho asubuhi, Senka, nenda na babu, uchukue daftari. Sema, "Daktari, nina kazi ya shule. Tafadhali nisomee karatasi iliyo nyuma ya kalenda." Asome kwa sauti, babu akisikia, na wewe usiongeze neno. Kisha ngoja aandike dawa nyingine, za siku zote kumi na nne. Akikataa, ombeni barua ya kwenda kwa bingwa wa tumbo, siku hiyohiyo. Vidonge usimkatize babu wewe mwenyewe.

Siku ya slava atakuwa bado kwenye dawa, asinywe, lakini glasi isiwatishe. Tangu lini mwenye nyumba akaketi kwenye slava yake? Miladin asimame kama alivyosimama baba yake, amimine, azungushe samaki. Mwenye chupa mkononi haulizwi glasi yake iko wapi.

Akianza kesho, atamaliza tarehe thelathini. Wiki nne baadaye ni siku ya Mtakatifu Sava, sikukuu ya shule zote, utakuwa unaimba shuleni. Kipimo kiwe kesho yake. Kabla hamjatoka kwa daktari, omba kalamu nyekundu, uandike siku hiyo kwenye kalenda yake ya mwaka mpya, kwa herufi kubwa kama za sikukuu: MILADIN ANAPULIZA. Hiyo ataisoma.