Mtungi wa Ukutani

Tbilisi,
Jumapili, mwezi wa mavuno ya zabibu

Kaka yangu mpendwa Vazha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dadako Nanuli. Natumaini wewe na wifi Eteri hamjambo huko Batumi, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zipungue. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Wanafunzi wangu wa piano wanasema siku hizi nawasahihisha huku nikitabasamu, na jambo hilo linawatia hofu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kila mara. Karatasi itakulazimisha unisikilize.

Kaka, Jumamosi hii tunakwenda Sighnaghi, tutalala huko, na nataka uje. Najua utasema ni mbali, utaikata nchi nzima kutoka baharini hadi Kakheti. Usikatae kabla hujafika mwisho wa barua hii. Nimekwisha kuchukua vyumba kwa Mzia, yule mwenye nyumba ya wageni yenye roshani inayotazama bonde la Alazani. Alitaka kujua chumba cha mwisho ni cha nani. Nikamwambia ni cha kaka yangu. Akacheka akasema anakukumbuka vizuri: ukipewa uongozi wa meza, wa kuwanyanyulia watu bilauri na kuwatakia heri, hata babu wa jirani aliyekufa zamani hunyanyuliwa bilauri kabla watu hawajaruhusiwa kugusa mkate.

Lamara, mwalimu mwenzangu wa shuleni, ataoka mikate ya jibini. Mishikaki tutachoma kwa kuni za mzabibu kama alivyokuwa akichoma baba. Nimenunua hata viatu vyeupe vya visigino virefu. Lamara anasema kwa mawe ya njia za Sighnaghi visigino hivyo vitanivunja shingo; nimemjibu nitavivaa hata kama itabidi nibebwe. Gari ni la Otari, yule fundi wa piano zetu aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache na mikono mipole.

Sasa nikueleze la kijijini kwetu, kule chini ya Sighnaghi. Juzi nilipita kutazama nyumba ya baba. Unajua alituzikia kila mmoja wetu mtungi wake wa divai siku tulipozaliwa, usifunguliwe hadi arusi yake. Wako ulifunguliwa ulipomwoa Eteri. Wangu umebaki ardhini miaka yote, na kila Mwaka Mpya wewe hurudia mzaha wako: “Nanuli, tuufungue tu, kabla haujawa siki kama mwenyewe.” Nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Iliniuma, kaka. Iliniuma sana.

Nilimwomba mzee Guram, jirani yetu aliyemsaidia baba kuchimba, aondoe udongo tuone kama kifuniko ni kizima. Alisimama na koleo lake, hachimbi, anakuna kichwa. Mwishowe akasema:

“Mwanangu, huu si wako. Huu wa ukutani ni wa kaka yako. Wako ulikuwa wa mlangoni. Siku ya arusi ya Vazha baba yako alipandwa na furaha, akapiga jembe mlangoni. Tulipogundua, wageni walikwisha kunywa na kuusifia.”

Baba alimwapisha asiseme. Mzee alilia, akaniambia anaamini kosa lile ndilo lililonifungia bahati. Nami nilikaa kwenye hori la kukanyagia zabibu nikacheka mpaka akakimbia kuniletea maji. Unaikumbuka ile divai, Vazha? Wakwe zako wa Batumi waliimba hadi alfajiri na mpaka leo wanaitaja. Ilikuwa yangu. Na siki uliyonitania nayo miaka yote, kama ni siki, ni yako.

Sasa nifike ninakokwenda. Jumamosi naolewa, kaka. Na Otari. Aliniuliza kichwa chake kikiwa ndani ya piano, kwa hiyo Lamara anadai aliyeposwa ni piano. Mimi ndiye niliyejibu ndiyo. Nina miaka hamsini na mitatu, na kila nikivitazama vile viatu moyo unanienda mbio. Nina furaha, Vazha, na sioni haya kuisema.

Ila mtungi uliobaki ni wako, na siwezi kuugusa bila wewe. Guram anasema huenda umeharibika. Otari anasema tutakunywa hivyo hivyo. Siku ya arusi yako niliwanywesha wageni wako bila kujua. Njoo uwanyweshe wangu ukijua.

Msalimie sana Eteri, mwambie asisahau shali yake, jioni za huko juu zina baridi. Mungu awasafirishe salama. Jembe la baba liko nyuma ya mlango wa ghala, na nimekataza mtu yeyote asilishike mpaka ufike.

Ni mimi dadako akupendaye,
Nanuli