Ukurasa Ambapo Baba Anarudi

Likasi, Jumapili

Mwadi, mjukuu wangu,

Natumaini Kolwezi imekupokea vizuri. Sisi tu wazima. Bibi yako amepanda mchicha wetu, lengalenga, nyuma ya nyumba na anakusalimia.

Unauliza kama uuruke ukurasa wa mwisho wa kitabu cha picha, ule ambapo baba anarudi nyumbani, kwa kuwa baba wa mwanafunzi wako mmoja yuko gerezani. Swali lako limeninyima raha. Nitakueleza tu nilichokiona.

Nilikuwa ripota kijana, nimeketi nyuma ya darasa la bibi yako hapa mtaa wa Panda. Kitabu chao kilifanana na chako, na kila mtoto alisoma ukurasa mmoja. Ukurasa wa baba ukamwangukia Kapinga, ambaye baba yake alikuwa katika gereza la Buluo. Bibi yako akakifunga kitabu.

"Madamu, minye bado kusoma!" Kapinga akasema, akijigusa kifua.

"Kesho, mama."

"Wote wamesoma. Minye siko mutoto wa hii darasa?"

Bibi yako akakifungua tena. Kapinga akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi: "Baba a-na-ru-di." Akaitazama picha.

"Wangu bado," akasema. "Madamu, nipe karatasi, nimuandikie hii."

Sijui kama baba alirudi. Najua barua ilifika, kwa sababu bibi yako aliipeleka mwenyewe.

Usiuruke. Ila siku hiyo simama karibu na dawati la mwanafunzi wako huyo, na uwe na karatasi.

Nkambo wako